Kocha Yule Yule: Emma Hayes kati ya Chicago na Chelsea

Mei 2010, msimu ukiwa na wiki chache tu tangu uanze, Chicago Red Stars, klabu ya wanawake ya Marekani, walimfungashia virago kocha wao. Alikuwa Mwingereza wa miaka 33. Mwaka uliotangulia alikuwa na nyota wa Marekani Carli Lloyd na Megan Rapinoe katika kikosi kimoja, na bado timu ikamaliza ya sita kati ya saba. Baadaye alirudi kwao London akafanya kazi kwenye biashara ya familia ya kubadilisha fedha za kigeni. Agosti 2012 Chelsea walimkabidhi timu yao ya wanawake, na mwaka 2013, msimu wake wa kwanza kamili, alimaliza wa saba kati ya nane.

Wa sita kati ya saba, kisha wa saba kati ya nane. Ondoa jina, mwoneshe kiongozi yeyote wa klabu rekodi hiyo, halafu umuulize kama angemwongezea kocha huyo hata mwezi mmoja.

Jina ni Emma Hayes. Alipoondoka Chelsea Mei 2024 alikuwa amebeba ubingwa wa Ligi Kuu ya Wanawake ya England mara saba, Kombe la FA mara tano na Kombe la Ligi mara mbili. Chini ya miezi mitatu baadaye alisimama Paris akiwatazama wachezaji wake wa Marekani wakivishwa dhahabu ya Olimpiki, na Oktoba mwaka huohuo akawa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya kocha bora wa timu ya wanawake katika hafla ya Ballon d'Or.

Wasifu wake umeandikwa mara nyingi kama hadithi ya mwanamke mwenye ari isiyozimika. Ari anayo, sibishi. Lakini ari hiyohiyo alikuwa nayo Chicago, na haikumwokoa. Kilichobadilika ni kwamba mara ya pili alipoboronga, mwajiri hakumgusa. Naamini hapo ndipo penye maana ya kazi yake yote, na ndiyo sehemu inayoguswa kidogo kuliko zote.

Ili kuelewa kwa nini muda ulikuwa na uzito kiasi hicho, lazima turudi nyuma kabla hajazaliwa. Tarehe 5 Desemba 1921 Chama cha Soka cha England kilizifungia timu za wanawake viwanja vya klabu wanachama wake. Haikuwa kwa sababu mchezo ulikosa watu. Mwaka mmoja kabla, siku moja baada ya Krismasi, wanawake wa Dick, Kerr Ladies walicheza Goodison Park mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Marufuku hiyo ilidumu nusu karne. Hayes alizaliwa London mwaka 1976, miaka mitano tu baada ya milango kuanza kufunguliwa, na akakulia kwenye mchezo usiokuwa na ligi ya kulipwa, usio na viwanja vyake, usio na hata ngazi inayoeleweka ya mtu kuanzia ukocha. Yeye mwenyewe hakupata kucheza. Alikuwa chipukizi wa Arsenal hadi akiwa na miaka 17, alipoumia kifundo cha mguu akiteleza kwenye theluji, na ndoto ya uwanjani ikafia hapo.

Msichana wa namna hiyo akitaka kuwa kocha alikuwa na mahali pamoja pa kwenda. Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 1972 iliyozuia ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Vyuo vikalazimika kuwajali wanawake kimichezo, na timu zao zikahitaji makocha. Hayes alianzia Long Island, akaenda chuo cha Iona, kisha akarudi Arsenal mwaka 2006 kuwa msaidizi wa Vic Akers. Msimu wa 2006/07 Arsenal walizoa makombe manne, likiwemo Kombe la UEFA la Wanawake, ambalo klabu ya England haikuwahi kulitwaa.

Hebu tusimame kidogo kwa Akers. Mtu huyu, aliyeifanya Arsenal kuwa bingwa wa Ulaya, alikuwa pia mtunza vifaa wa timu ya wanaume ya klabu hiyohiyo. Kocha bora wa wanawake barani alikuwa na kazi nyingine ya kupanga jezi na soksi za kina Thierry Henry. Nalitaja hili kwa heshima kubwa kwa Akers. Soka ya wanawake ya England iliishi miaka mingi kwa mgongo wa watu kama yeye, na huyo ndiye bosi ambaye Hayes alijifunza kwake kwamba kocha wa timu ya wanawake hakabidhiwi timu iliyokamilika. Anakabidhiwa jina la klabu na mipira kadhaa, mengine atajua mwenyewe.

Sasa rudi Chelsea mwaka 2013. Timu ilikuwa ikichezea Staines, nje ya London, kwenye uwanja wa kuazima. Wengi wa wachezaji hawakuwa wa kulipwa muda wote. Kumaliza wa saba katika mazingira hayo kulikuwa kipimo cha hali ya klabu kuliko uwezo wa kocha, ila meza ya msimamo haina safu ya kueleza hayo. Waliomwajiri waliona kilichokuwa kikijengwa, wakamwacha aendelee. Mwaka uliofuata alimleta Ji So-yun kutoka Japani, kiungo Mkorea mwenye mguu wa kupima hadi sentimita, na Chelsea wakaingia siku ya mwisho ya ligi wakiwa kileleni. Walifungwa 2-1 na Manchester City, na Liverpool wakanyakua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Huo ungekuwa wakati wa pili wa kumtimua. Hakutimuliwa. Mwaka 2015 Ji alifunga bao pekee katika fainali ya kwanza ya Kombe la FA la wanawake kuchezwa Wembley, na miezi miwili baadaye Chelsea wakawachapa Sunderland 4-0 na kuwa mabingwa wa ligi kwa mara ya kwanza.

Kutoka hapo mataji ni ya kuhesabu tu. Mimi navutiwa zaidi na namna alivyoutumia muda aliopewa, kwa sababu aliugawa. Chukua mfano wa Fran Kirby. Alisajiliwa mwaka 2015 kutoka Reading, na mwishoni mwa mwaka 2019 akapata uvimbe kwenye utando unaozunguka moyo. Kuna wakati ilionekana huenda asicheze tena. Chelsea walimsubiri. Msimu wa 2020/21 alirudi na kuchaguliwa na wachezaji wenzake kuwa bora wa mwaka. Chukua Erin Cuthbert, aliyetua akiwa na miaka 18 kutoka Glasgow City na kukua taratibu, leo winga, kesho kiungo. Au Millie Bright, beki aliyetoka Doncaster, ambaye alikuwepo kwenye kila moja ya ubingwa ule wa ligi mara saba. Kocha aliyewahi kufukuzwa kabla timu yake haijashikana anajua thamani ya kutomfukuza mchezaji ambaye mwili wake umegoma.

Na kuhusu mwili, hapa ndipo Hayes aliposogeza mpaka kuliko kocha yeyote wa kizazi chake. Chelsea walipofungwa na Arsenal fainali ya Kombe la FA mwaka 2016, aligundua kwamba wachezaji kadhaa walikuwa kwenye siku zao za hedhi au wakizikaribia, na kwamba benchi lake la ufundi halikuwa na lolote la kufanya kuhusu hilo. Hakuna aliyewahi kuuliza. Maarifa yote ya mazoezi, lishe na kujikinga na majeraha yalitokana na miili ya wanaume. Ilipofika 2020 Chelsea walikuwa wakifuatilia mzunguko wa hedhi wa kila mchezaji na kurekebisha mazoezi na chakula kulingana na taarifa hizo. Kuna waliolishangaa jambo hilo kuzungumzwa hadharani. Mimi nashangaa kwamba wanawake walicheza soka ya ushindani zaidi ya miaka mia bila kuulizwa.

Fainali moja huwa nairudia kuliko zote. Ni ya Kombe la FA la msimu wa 2020/21, iliyosogezwa mbele kwa sababu ya korona hadi tarehe 5 Desemba 2021, yaani miaka mia kamili tangu siku ya marufuku. Wembley ilikuwa na zaidi ya watu 40,000. Arsenal waliingia wakiwa viongozi wa ligi. Hayes aliwapanga mabeki watatu nyuma, akawaachia Kirby na Sam Kerr nafasi ya kuwakimbilia mabeki wa Arsenal ana kwa ana. Dakika ya tatu tu Kirby aliuweka mpira wavuni. Kipindi cha pili Kerr akafunga mara mbili, na bao lake la pili alilinyanyua juu ya kipa kana kwamba anaupitisha mpira juu ya ukuta wa jirani. 3-0, na mabao yangeweza kuwa mengi zaidi. Timu ile ilikuwa na kasi, na zaidi ya kasi ilikuwa na utulivu wa watu wanaojuana kwa miaka. Utulivu huo haununuliwi dirisha la Januari.

Sitaki kumpamba. Ulaya ilimshinda, na ilimshinda mara nyingi mno kwa mtu kuisingizia bahati mbaya. Mei 2021, Gothenburg, fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Barcelona. Sekunde hazijafika 40, shuti la Lieke Martens linagonga mwamba, Kirby anajaribu kuondosha, mpira unamgonga mwenzake Melanie Leupolz na kupaa polepole kumpita kipa. Dakika ya 36 ni 4-0. Msimu uliofuata Chelsea hawakuvuka hata makundi, baada ya kuchapwa 4-0 na Wolfsburg. Nusu fainali za 2023 na 2024 Barcelona tena. Naona tatizo lilikuwa la kimchezo. Hayes aliijenga Chelsea kwa ajili ya kushinda mechi kwa nguvu, kasi na uwezo wa kubadili mfumo katikati ya mchezo, na ligi ya England ililipa kwa mtindo huo. Barcelona walikuwa wakiuficha mpira. Ukikimbizana na anayeuficha mpira, uwezo wako wa kubadili mfumo haukusaidii kwa sababu huna cha kuuchezea. Aprili 2024 alikaribia kabisa kulipata jibu: alikwenda Barcelona akashinda 1-0 kwa bao la Cuthbert, katika uwanja wa timu ambayo haikuwa imefungwa nyumbani kwa miaka mitano. Wiki moja baadaye, Stamford Bridge, Kadeisha Buchanan alitolewa kwa kadi ya pili ya njano, na Chelsea wakalala 2-0.

Katikati ya yote hayo kuna swali ambalo aliulizwa hadi akachoka. Mwanzoni mwa mwaka 2021 jina lake lilihusishwa na AFC Wimbledon, timu ya wanaume iliyokuwa daraja la tatu, na waandishi wakamuuliza kama huko ndiko kupanda ngazi. Alijibu kwa hasira kwamba swali lenyewe ni tusi kwa wachezaji anaowafundisha. Alikuwa sahihi. Wakati huo alikuwa na Kerr na Pernille Harder mazoezini kila asubuhi, na msimu ule alifika fainali ya Ulaya. Kuna jambo dogo hapa ambalo sikuliona likizungumzwa vya kutosha: uwanja ambao Chelsea ya wanawake ilikuwa ikichezea, Kingsmeadow, Chelsea waliununua kutoka kwa AFC Wimbledon haohao. Timu ya wanawake ilikuwa imehamia kwenye nyumba ya wanaume wale na kuijaza makombe, na bado watu wakamuuliza kama angependa kwenda kuishi kwao.

Gharama aliyoilipa imeandikwa kwenye mwili wake. Msimu wa 2017/18 aliifundisha Chelsea akiwa na ujauzito wa mapacha, na mmoja alifariki tumboni ujauzito ukiwa na wiki 28. Aliendelea na kazi huku akimbeba aliyebaki. Mei 5 waliwafunga Arsenal 3-1 Wembley, yeye akiwa pembeni mwa uwanja na tumbo kubwa, katikati ya mwezi huohuo wakatwaa ligi, na siku chache baadaye akajifungua mtoto wa kiume. Oktoba 2022 aliondolewa mfuko wa uzazi kwa upasuaji wa dharura kutokana na endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na za ndani ya mji wa mimba huota nje yake na kuleta maumivu makali. Alikaa nje wiki kadhaa. Wasaidizi wake waliiongoza timu nayo haikuyumba, na msimu huo uliishia kwa ubingwa wa ligi na Kombe la FA. Watu humsifu kwa kuvumilia. Mimi ningependa tujiulize ni mifumo ipi ilimfanya mama aliyefiwa na mtoto tumboni ahisi kwamba lazima awepo Jumapili.

Msimu wake wa mwisho haukuwa mzuri kiasi anavyostahili kukumbukwa nao, angalau Machi. Alisema mahusiano ya kimapenzi baina ya wachezaji wa timu moja hayafai, kauli iliyowaumiza watu wengi katika mchezo ambao wapenzi wanaocheza pamoja si jambo geni, na akalazimika kuirekebisha. Kisha tarehe 31, baada ya kufungwa 1-0 na Arsenal fainali ya Kombe la Ligi, alimsukuma kocha mwenzake Jonas Eidevall wakati wa kupeana mikono, halafu akazungumzia ukali wa kiume pembeni mwa uwanja. Aliyesukuma alikuwa yeye. Kesi ya wanawake katika soka ni nzito na ya haki mno kuitumia kufunika kosa la namna hiyo.

Mei 1 walifungwa 4-3 na Liverpool, na akatamka kwamba ubingwa umekwenda. Siku nne baadaye Chelsea waliwabamiza Bristol City 8-0, na siku hiyohiyo Manchester City, waliokuwa wakiongoza hadi dakika za lala salama, wakafungwa mabao mawili na Stina Blackstenius wa Arsenal. Ghafla mabao nane yale yalikuwa na kazi. Ilipofika siku ya mwisho, pointi zililingana. Chelsea walikwenda Old Trafford, wakaifumua Manchester United 6-0, wakachukua ligi kwa tofauti ya mabao, njia ileile waliyoipotezea mwaka 2014.

Marekani nao walikuwa wamemsubiri. Timu yao ilitolewa hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia 2023 kwa penalti dhidi ya Uswidi, tokeo baya kuliko yote katika historia yao ya mashindano hayo. Novemba walitangaza kumwajiri Hayes, kwa mshahara ulioripotiwa kulingana na wa kocha wa wanaume, na wakakubali akae Chelsea hadi msimu uishe. Miezi sita timu ya taifa ikaongozwa na kaimu, Olimpiki ikiwa mlangoni. Mechi yake ya kwanza ilikuwa Juni 1. Mwezi huohuo alimwacha mshambuliaji nyota Alex Morgan nje ya kikosi cha wachezaji 18. Wakaanza kwa kuifunga Zambia 3-0, wakacheza mechi sita ndani ya siku 17, robo na nusu fainali zote zikienda dakika 120, na Agosti 10 bao la Mallory Swanson dakika ya 57 likawazima Brazili. Pasi ile ilitoka kwa Korbin Albert, chipukizi wa miaka 20. Dakika za nyongeza Alyssa Naeher aliukoa kichwa cha Adriana kwa mkono mmoja, na filimbi ikapulizwa.

Baada ya Paris alifanya jambo ambalo kocha mwenye dhahabu mpya mara nyingi huogopa: alianza kuwaita wachezaji wasiojulikana, mmoja baada ya mwingine, akiliwinda Kombe la Dunia la 2027. Februari 2025 Japani wakamfunga 2-1, mara yake ya kwanza kupoteza na Marekani, na minong'ono ikaanza.

Chelsea nao waliendelea bila yeye. Sonia Bompastor, aliyekuja kutoka Lyon akiwa ameshatwaa Ligi ya Mabingwa kama mchezaji na kama kocha, alimaliza msimu wa 2024/25 bila kupoteza hata mechi moja ya ligi, na akabeba Kombe la FA na Kombe la Ligi pamoja na ubingwa. Bright alikuwa nahodha. Cuthbert alikuwa kiungo. Nusu fainali ya Ulaya walikutana na Barcelona, wakafungwa 4-1 ugenini na 4-1 nyumbani. Hakuna aliyesikika akitaka Bompastor afukuzwe.